Nainital kwa siku tatu: mwongozo kamili wa kuzuru vilele, mahekalu na maziwa bila kurudi na picha za ukungu

Kila vyuo vya India vinapofungwa mwezi Mei, wanafunzi wa Afrika Mashariki walioko Delhi na miji ya jirani hupanda basi la usiku kwenda Nainital, mji wa milimani katika jimbo la Uttarakhand, kwa matumaini ya kuona ziwa, mahekalu na theluji ya Himalaya kwa mkupuo mmoja. Wapo pia ndugu waliowasindikiza wagonjwa katika hospitali za Delhi, ambao wakipata siku tatu za kusubiri majibu ya vipimo huona heri wazitumie huko kuliko kukaa chumbani. Wengi wao hurudi na malalamiko yaleyale: milima ya theluji hawakuiona, foleni ya magari ilimeza siku nzima, hekaluni walisukumwa na umati, na boti waliifikia jua likiwa limeshazama.

Kosa lao ni la mpangilio. Wanaanzia ziwani kwa sababu ndilo linalowapokea wanaposhuka kwenye gari, kisha mchana wanapanda kwenye vilele, wakati mawingu yameshatanda. Mchana jua linapopasha mabonde joto, hewa yenye unyevu hupanda na kugeuka wingu likifika juu, na ndiyo maana kilele kilichokuwa wazi saa moja asubuhi kinaweza kufunikwa kabisa ifikapo saa tano. Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja tu: anzia juu, malizia chini. Alfajiri ni ya vilele, asubuhi ni ya mahekalu, alasiri ni ya maziwa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Pasipoti yenye visa, pamoja na nakala zake tatu au nne. Mwanafunzi aongeze nakala ya hati yake ya usajili wa ukaazi.
- Fedha taslimu za rupia katika noti ndogondogo. Wahindi wengi hulipa kwa simu, hata kikombe cha chai, lakini mfumo wao kwa kawaida umeunganishwa na akaunti za benki za nchini mwao, na mwenye mashua hana chenji ya noti ya 500 saa mbili asubuhi.
- Viatu vya kutembelea vyenye soli isiyoteleza, ambavyo pia huvuliwa kwa urahisi. Buti la kamba ndefu litakutesa kwenye kila mlango wa hekalu.
- Jozi mbili za soksi nzito. Sababu yake utaiona katika Hatua ya 5.
- Sweta na koti la kuzuia upepo, hata mwezi Mei. Ziwa la Nainital liko kwenye mwinuko wa mita 1,900 na ushee, karibu sawa na Njombe, kwa hiyo hewa haitakusumbua kifuani; lakini mji uko mbali na ikweta, na usiku wa Desemba na Januari hushuka hadi kwenye barafu.
- Mtandio au kanga moja. Itafunika kichwa, mabega au magoti pale itakapohitajika, na hili linawahusu wanaume waliovaa kaptura pia.
- Dawa ya kichefuchefu cha safari, inunuliwe Delhi.
- Mfuko mdogo wenye zipu. Usibebe mfuko wa plastiki ulio wazi. Nyani wa huku wanajua kabisa chakula hubebwa kwenye nini.

Kuhusu saa: nimezitaja zote kwa Kiswahili, yaani saa kumi na mbili asubuhi ndiyo 06:00 kwenye tiketi yako. Ninalisema hili kwa sababu nimewahi kumsubiri mtu kituoni aliyesoma 08:00 akaja saa nane mchana.

## Hatua ya 1: Chagua wiki, kisha siku

Oktoba na Novemba ndiyo miezi bora. Mvua za masika ya India, ambazo huanza mwishoni mwa Juni na kukatika Septemba, zinakuwa zimeosha vumbi lote hewani, na milima huonekana kama imechorwa upya. Februari na Machi hufuata kwa ubora, na kuanzia Machi utakuta miti ya buransh imechanua maua mekundu porini. Maua hayohayo hukamuliwa kuwa sharubati inayouzwa mjini, na inafaa kuionja.

Mei na Juni ndiyo miezi ambayo wasomaji wengi huenda, na ndiyo mibaya zaidi kwa mwenye kutaka kuona theluji. Shule za India zimefungwa, tambarare zinaungua kwa joto, na kila mwenye gari anapanda milimani. Juu ya hayo, misitu ya misonobari hushika moto msimu huo wa ukame, na moshi wake hufunga upeo wa macho. Kama huna wiki nyingine isipokuwa hizo, nenda, lakini nenda kwa ajili ya maziwa na mahekalu, na theluji uihesabu kuwa bahati.

Baada ya wiki, chagua siku. Fika Jumatatu, ondoka Alhamisi. Epuka mwisho wa wiki, na hasa ule unaogusana na sikukuu za kitaifa za tarehe 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba, pamoja na Holi, Diwali na mwaka mpya. Siku hizo polisi huweza kuyazuia magari chini ya mlima na kuwahamishia abiria kwenye gari za kupokezana.

Onyo: Julai hadi Septemba barabara hukatwa na maporomoko ya ardhi, na hata mwanzo wa Oktoba si wa kuuamini kwa macho yaliyofumba. Mwaka 2021 mvua kubwa ya tarehe 18 na 19 Oktoba iliukata mji huu kutoka pande zote. Soma utabiri wa idara ya hali ya hewa ya India siku mbili kabla ya safari. Ukikuta tahadhari ya rangi ya machungwa au nyekundu kwa wilaya ya Nainital, ahirisha.

## Hatua ya 2: Fika kwa treni hadi Kathgodam, si kwa basi la usiku

Nainital haina reli. Reli inakomea Kathgodam, chini ya mlima, kilomita 34 hivi kutoka mjini. Kutoka Delhi zipo treni mbili zinazofaa: Shatabdi ya asubuhi kutoka New Delhi, inayofika Kathgodam kabla ya adhuhuri au karibu nayo, na Ranikhet Express ya usiku kutoka Delhi ya zamani, inayofika alfajiri. Nainital iko takriban kilomita 300 kutoka Delhi, na mabasi kutoka kituo cha Anand Vihar ni rahisi kwa bei. Ila abiria wake hufika wamevunjika migongo, wakalala hadi saa tano, na asubuhi ya kwanza ikawa imekwenda na maji.

Mimi hupendekeza Shatabdi. Siku ya kufika usiihesabu kuwa siku ya kuzuru: panda mlima, weka mizigo, kula, lala mapema.

Tiketi za treni hizi huisha, kwa hiyo zinunue wiki mbili au tatu mapema. Mwenye visa ya utalii anaweza kununua kwenye ofisi ya watalii wa kigeni iliyo ndani ya stesheni ya New Delhi. Mtu yeyote atakayekufuata nje ya stesheni na kukuambia kwamba ofisi hiyo imefungwa, imehamishwa au imeungua moto, anakupeleka kwa wakala anayempa kamisheni. Usibishane naye, endelea kutembea.

Pale Kathgodam utakuta teksi za kukodi na zile za kuchangia nauli. Barabara inapanda zaidi ya mita 1,300 kwa kona zisizokwisha. Meza dawa yako nusu saa kabla ya kushuka kwenye treni, kaa kiti cha mbele kama unaweza, na usitazame simu.

Utajua hatua hii imefanikiwa ukiwa umeshuka Tallital, upande wa kusini wa ziwa, kabla ya saa tisa alasiri, tumbo likiwa limetulia.

## Hatua ya 3: Pata hoteli inayoruhusiwa na inayofikika

Mji una vichwa viwili: Tallital, yaani mwisho wa chini wa ziwa, na Mallital, mwisho wa juu. Vinaunganishwa na Mall Road, barabara ya kilomita moja na nusu hivi inayoambaa ukingo wa ziwa. Jioni za msimu wa wageni magari hayaruhusiwi kupita humo, na mgeni asiyejua hujikuta akiburuta sanduku kwa miguu katikati ya umati.

Lala Mallital. Hekalu la Naina Devi, uwanja mkubwa unaoitwa Flats, kituo cha magari ya kebo na njia za kupanda vilele vyote viko upande huo.

Kabla ya kulipa chochote, uliza maswali mawili. La kwanza: je, mnapokea wageni wenye pasipoti ya kigeni? Hoteli ya India inayompokea mgeni wa nje inalazimika kupeleka taarifa zake serikalini kwa fomu maalumu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C, na hoteli ndogo nyingi hazijajisajili kwa ajili hiyo. Mara yangu ya kwanza sikuuliza. Tulifika saa tatu usiku, watu wanne, fedha tumeshalipa kupitia mtandao, na kijana wa mapokezi akaitazama pasipoti ya kijani kwa muda mrefu, akaifunga taratibu, akaisukuma upande wetu wa meza. Tulipata chumba saa sita kasoro, kwa bei mara mbili.

La pili: kutoka barabarani hadi mlangoni kuna ngazi ngapi? Hoteli inayojisifu kuwa na mandhari ya ziwa mara nyingi imebandikwa kwenye mteremko mkali, na mandhari hayo yanalipiwa kwa magoti. Kama unasafiri na mzazi au mgonjwa anayepata nafuu, swali hili ni muhimu kuliko bei.

## Hatua ya 4: Alfajiri ya kwanza, panda Snow View

Snow View ni kilele cha mita 2,270 juu ya Mallital, na kina gari la kebo linalopanda kutoka mjini. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanasubiri kebo. Kebo haifunguliwi alfajiri; inaanza kazi asubuhi ikiwa imeshapevuka, kisha kuna foleni ya tiketi, kisha foleni ya kupanda, na unapofika juu mwenyeji wako ni wingu.

Fanya hivi. Jioni kabla, kubaliana na dereva wa teksi akuchukue saa moja kabla ya jua kuchomoza. Desemba jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, na Juni ni saa kumi na moja na robo hivi. Sisi tuliozoea ikweta, ambako jua halibadilishi ratiba, hujisahau katika hili. Mwenye pumzi anaweza kupanda kwa miguu, ni mwendo mkali wa chini ya kilomita tatu, lakini awe na tochi na asiwe peke yake.

Ukifika, tazama kaskazini. Kwanza utaona safu za vilima vyeusi zikifuatana, na macho yatataka kuishia hapo. Usiyaruhusu. Inua kidole juu zaidi ya unapodhani anga limeanza: ule mstari mweupe wenye meno, unaofanana na wingu lisilosogea, ndiyo milima yenyewe. Trishul, wenye mita 7,120, una vilele vitatu kama mkuki wa meno matatu wa mungu Shiva, ulioupa mlima jina. Mashariki yake iko Nanda Devi, mita 7,816. Dakika chache kabla ya jua kufika mlipo, ncha za juu hugeuka waridi, kisha dhahabu, kisha nyeupe, na baada ya hapo unaweza kunywa chai yako.

Mafanikio hapa ni kuona theluji kwa macho kabla ya saa mbili. Kama kumetanda tangu alfajiri, usingoje juu mchana kutwa. Shuka uendelee na hatua inayofuata, na ujaribu tena kesho.

Rudi chini kwa kebo ikiwa imefunguliwa. Wakati wa kushuka haina foleni, na ziwa lote litakuwa miguuni pako.

## Hatua ya 5: Hekalu la Naina Devi, kabla ya saa nne

Hekalu hili liko ukingoni mwa ziwa, upande wa Mallital. Naina maana yake ni macho: Wahindu wanasimulia kwamba mwili wa mungu mke Sati ulipokuwa umebebwa na Shiva, macho yake yaliangukia hapa. Ndiyo maana katika chumba kitakatifu hutakuta sanamu ya kawaida peke yake. Utakuta macho mawili makubwa yanakutazama, mungu mke Kali akiwa kushoto na Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, kulia. Jengo la awali lilifukiwa na maporomoko ya tarehe 18 Septemba 1880, yaliyoua watu 151, na lililopo sasa lilijengwa miaka mitatu baadaye.

Aliyewahi kupita kwenye mahekalu ya Kisutu jijini Dar es Salaam hatashangazwa na mengi. Wengine wafuate mpangilio huu.

Kwanza, viatu. Viweke kwenye kibanda cha kutunzia, pokea kibati chenye namba, na toa chochote kidogo unapovichukua. Ukiviacha chini kiholela hutakosa kuvipata, ila utavitafuta miongoni mwa jozi mia mbili zinazofanana. Vaa zile soksi nzito: sakafu ni ya marumaru, imelala usiku kucha kando ya ziwa, na asubuhi ya Januari baridi yake hupanda hadi kwenye meno. Soksi nyembamba hulowana kwenye maji yaliyomwagika langoni, na mwenye soksi mbichi haangalii tena hekalu, anaangalia mlango.

Pili, nunua sahani ya matoleo tu kama unataka kutoa. Wachuuzi watakusisitiza kwamba haiwezekani kuingia bila nazi na kitambaa chekundu; si kweli. Mgeni anaingia mikono mitupu bila kumkosea mtu heshima.

Tatu, ukiingia utaona watu wakigonga kengele mara moja. Si lazima uigonge. Tembea ukiwa umeweka mahali patakatifu mkono wako wa kulia, yaani kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kama wafanyavyo wote. Anayekwenda kinyume anagongana na umati mzima.

Nne, kuhani anaweza kukupaka alama nyekundu kwenye paji la uso, na kukupa prasadi, yaani chakula kilichobarikiwa, mara nyingi punje za sukari au kitamutamu. Muislamu au Mkristo ambaye dhamiri yake haimruhusu afanye moja tu: aweke viganja pamoja kifuani, ainamishe kichwa kidogo, arudi nyuma hatua moja. Hakuna atakayeudhika. Kinachoudhi ni kupokea prasadi kisha kuitupa, au kuipokea kwa mkono wa kushoto; hilo la mkono sisi hatuhitaji kufundishwa.

Tano, picha. Uani piga, kwenye chumba kitakatifu usipige bila kuruhusiwa. Sanduku la sadaka ndilo mahali pa fedha. Anayekudai kiasi maalumu mkononi hakatazwi kudai, na wewe hukatazwi kutabasamu ukaondoka.

Onyo la nyani: ukitoka na prasadi mkononi, ifiche kwenye mfuko wa zipu kabla hujavuka lango. Wakikunyang'anya, waachie. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri urudi Delhi.

Hatua chache tu kutoka hapo upo msikiti mkuu wa Mallital, na gurudwara ya Masingasinga iko pembeni kabisa mwa hekalu. Anayetaka kuswali adhuhuri jamaa hana haja ya kwenda mbali.

## Hatua ya 6: Ziwa, baada ya saa tisa

Mchana kula na upumzike. Chakula cha wenyeji wa Kumaon, yaani eneo hili la milima ya Uttarakhand, kinamfaa sana mtu wa kwetu: viazi vya kukaangwa kwa binzari vinavyoitwa aloo ke gutke, na mchuzi mweusi wa soya ya milimani unaoitwa bhatt ki churkani. Migahawa mingi haipiki nyama kabisa, na hilo humwondolea Muislamu maswali.

Ziwa lina urefu wa takriban mita 1,400 na kina cha mita 27 hivi mahali penye kina kirefu. Kuna mashua za makasia zinazoendeshwa na mwenye mashua, na boti za kukanyaga unazoziendesha wewe. Chukua ya makasia. Ya kukanyaga hupendeza kwa dakika kumi za kwanza. Zilizobaki ni kazi ya kulipia.

Bei zimeandikwa kwenye ubao pale zinapofungwa, kwa nusu mzunguko na kwa mzunguko mzima. Soma ubao kabla ya kuzungumza na mtu. Vaa jaketi la kujiokolea na ulifunge kamba zote, hata ukiambiwa ni kwa ajili ya picha tu: maji haya ni ya baridi mwaka mzima, na mwogeleaji wa Bahari ya Hindi hajui mwili unavyokakamaa ndani yake.

Saa kumi ndiyo wakati wake. Jua linakuwa limeinama, kivuli cha mlima wa magharibi kinaanza kulivuka ziwa taratibu, na upande wa Mallital kengele za hekalu husikika juu ya maji kuliko unavyozisikia ukiwa barabarani. Ukitoka, usirudi kwa Mall Road. Pita ng'ambo, kwenye Thandi Sadak, yaani barabara ya baridi, njia ya miguu yenye miti isiyo na magari; katikati yake kuna kihekalu cha Pashan Devi kilichojibanza kwenye mwamba.

## Hatua ya 7: Siku ya pili, kilele kirefu na machweo

Mwenye miguu apande Naina Peak, kilele kirefu kuliko vyote hapa, mita 2,615. Ni kilomita sita hivi kutoka Mallital, njia ni ya msitu wa mialoni na misonobari, na inahitaji kuanza alfajiri. Ajiri kiongozi wa njia kupitia hoteli. Usipande baada ya mvua kubwa.

Orodha nyingi za zamani bado zinawaelekeza watu Tiffin Top, kwenye kiti cha mawe kilichoitwa Dorothy's Seat. Kiti hicho kiliporomoka pamoja na mwamba wake mwezi Agosti 2024. Uliza kwanza kama njia imefunguliwa, na ukiambiwa imefungwa usimfuate kijana anayejua njia ya panya.

Asiyeweza kupanda asilazimishe. Alale, kisha atembee polepole Mallital. Msomaji kutoka Kenya huenda akapenda kujua kwamba mwindaji Jim Corbett alizaliwa katika mji huu mwaka 1875, na kaburi lake liko Nyeri, alikofariki mwaka 1955.

Jioni wote waende Hanumangarhi, hekalu la Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, lililo kilomita tatu na nusu hivi kutoka mjini. Hili ndilo hekalu pekee ninalolipangia jioni, kwa sababu linatazama tambarare upande ambako jua huzama. Fika saa nzima kabla ya machweo. Desemba jua huzama saa kumi na moja na robo hivi, Juni ni saa moja na dakika kadhaa. Dereva akusubiri, maana usiku teksi za kurudi huadimika.

## Hatua ya 8: Siku ya tatu, Kainchi na maziwa, kisha shuka bila kurudi

Kosa la siku hii ni kwenda kwenye ashramu ya Kainchi, yaani makao ya ibada ya Kihindu, na maziwani, kisha kurudi Nainital kuchukua mizigo. Barabara ya Bhimtal inashuka moja kwa moja hadi Kathgodam, kilomita 21 hivi. Kodi teksi moja ya siku nzima, weka mizigo yote ndani, na makubaliano yaandikwe kwenye simu kwa majina: Kainchi, Ghorakhal, Sattal, Bhimtal, Naukuchiatal, kumalizia stesheni ya Kathgodam. Dereva akisema Sattal iko mbali na njia, anataka nyongeza. Ikubali kabla ya safari, si katikati.

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kainchi iko kilomita 17 hivi, baada ya mji mdogo wa Bhowali, na Bhowali ndiyo kizibo cha chupa: ikifika saa tatu, magari yanasimama. Jina Kainchi maana yake ni mkasi, kwa ajili ya kona mbili za barabara zinazokatana hapo. Ashramu hii ilianzishwa mwaka 1964 na mwalimu wa kiroho Neem Karoli Baba, na umaarufu wake uliongezeka ilipojulikana kwamba Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, alifika hapa kijana mwaka 1974, wakati Baba alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Ndani kupiga picha hakuruhusiwi kabisa. Simu iweke mfukoni, tembea na mstari, keti kidogo, toka. Tarehe 15 Juni, siku ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwake, usiguse barabara hii kwa sababu yoyote ile isipokuwa wewe mwenyewe ni muumini.

Ghorakhal ni hekalu la Golu, mungu wa haki wa watu wa Kumaon. Utaanza kulisikia kabla ya kuliona. Kengele zimening'inizwa kila mahali, kubwa kama ndoo na ndogo kama tunda la ukwaju, kwa maelfu, na kati yake kuna karatasi zilizofungwa kwa uzi: ni mashtaka. Watu huandika kesi zao za mashamba, ajira na ndoa, nyingine kwenye karatasi rasmi zenye stempu kama zile za mahakamani, na aliyeshinda hurudi kuning'iniza kengele. Usizifungue wala kuzipiga picha kwa karibu ukiyaonyesha maandishi. Ni siri za watu walio hai. Kwa maoni yangu hapa panastahili muda mrefu kuliko Kainchi.

Maziwa yafuate kuanzia saa tano. Sattal ni mkusanyiko wa maziwa yaliyozungukwa na msitu wa mwaloni, tulivu, na ndege wake wamewafanya wapiga picha kuweka kambi. Hapo tembea, usipande boti. Bhimtal ni kubwa kuliko Nainital, lina kisiwa katikati, na kando ya bwawa lake kuna hekalu la Shiva la Bhimeshwar. Saa moja inatosha kwa chakula cha mchana. Naukuchiatal, kilomita nne mbele, ni ziwa la pembe tisa, na wenyeji husema hakuna awezaye kuziona zote kwa pamoja akiwa amesimama chini. Kama bado una hamu ya mashua, ipande hapa.

Saa kumi na moja alasiri geuza gari. Ranikhet Express huondoka Kathgodam usiku na kufika Delhi alfajiri, na ingawa teremko ni la chini ya saa moja, jioni za msimu foleni ya kuingia mji jirani wa Haldwani inaweza kuiongeza mara mbili. Ukifika mapema, nunua chakula na maji kabla ya kuingia behewani, funga sanduku kwa mnyororo chini ya kitanda cha chini, na lile koti usilifungie sandukuni: viyoyozi vya mabehewa haya ni baridi kuliko Snow View.